Weusi wa Tairi Si Upya Wake



Katika ukaguzi wangu huku miteremko ya Meru nililikuta lori la chama kimoja, tairi zake zimepakwa oili chafu, ziking'aa mithili ya zile zilizokuwa zikitoka kiwanda cha General Tyre hapa Arusha kabla hakijafungwa. Nikapangusa ubavu kwa kitambaa: nyufa tupu! Na lori hilo ndilo lishushalo kahawa yenu, na mara nyingine watoto wenu.

Weusi wa tairi hutokana na masizi yaliyochanganywa na mpira kiwandani. Oili na dizeli huulainisha mpira na kuuvimbisha. Maji, sabuni na brashi vyatosha. Kisha lori liegeshwe kivulini. Katibu asiidhinishe hati ya oili ya kupaka.

Tairi mbili zilibadilishwa. Mbili zingali zikingoja kikao cha bodi.