Sumaku, Nuru na Maabara ya Shule Yetu

(Hotuba fupi iliyotolewa kwenye chakula cha hisani cha chama)



Mwenyekiti ameniomba nieleze ninachosomea, maana kila nikija nyumbani naulizwa kama ni umeme wa majumbani. Hapana. Ni sumaku na nuru.

Sumaku mnaijua: imo kwenye spika ya redio, imo kwenye dinamo ya baiskeli. Ukiipasha moto sana inapoteza nguvu. Hilo ni la zamani. Jipya ni kasi. Mwaka 1996, kule Strasbourg, Ufaransa, Eric Beaurepaire na wenzake walipiga utando mwembamba wa nikeli kwa mmweko wa leza wa femtosekunde 60. Gawa sekunde kwa bilioni moja, kisha kile kipande kigawe tena kwa milioni: hiyo ndiyo femtosekunde. Nuru, ambayo kwa sekunde moja ingezunguka dunia mara saba, kwa femtosekunde moja haivuki hata unene wa unywele. Na usumaku wa ile nikeli ulishuka sana kabla femtosekunde 1,000 hazijaisha.

Ilikuwaje? Elektroni, zinazobeba usumaku, zilipata joto kwanza, atomu zenyewe bado zimepoa. Ni kama ngoma iliyowapanda vijana wazee hawajainuka vitini. Katika vurugu hiyo kanuni za sumaku iliyotulia hazitoshi, na mpaka leo wataalamu wanabishana usumaku huo unakwenda wapi.

Mwaka 2007 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waligeuza ncha za sumaku ya gadolini, chuma na kobalti kwa nuru tupu, bila sumaku nyingine kuikaribia. Siku moja huenda kompyuta zikaandika kumbukumbu hivyo. Bado haijafika dukani, nisiwadanganye.

Mmoja wa waliofungua njia ya kupima mambo ya femtosekunde ni Mwafrika: Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, Tuzo ya Nobel ya kemia 1999. Shahada ya kwanza aliipata hapo hapo Misri, Alexandria.

Sasa shule yetu. Kidato cha nne wanachora mistari ya sumaku daftarini bila kuiona ikijipanga kwenye unga wa chuma. Jengo la maabara limeishia kwenye lenta. Linadai mbao, bati, meza na vifaa. Makadirio ya fundi yako ukurasa unaofuata.

Mimi naanza na meza mbili na stuli zake. Nani ananiunga mkono?