Mpungate wa Nguzo

Hapa Kirumba, penye mawe mengi na changarawe, mpungate usimamao kama nguzo hustawi vizuri. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Maua yake meupe hufumbuka usiku, na jua likipanda hunyauka. Atakaye kuyaona hana budi kukesha.

Kata kipande cha urefu wa mkono, ukiweke kivulini siku 7 hata 10, mpaka jeraha likauke. Ndipo ukichomeke katika mchanga, wala usikitie maji mengi. Mimi wangu wa kwanza niliumwagilia kila jioni kama mchicha, nao ukaoza.

Lakini angalieni: uko mti wa porini, jamaa ya mnyaa, wenye matawi manene ya pembepembe kama kinara cha taa. Wengi hudhani ni mpungate. Ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, nao ukiingia jichoni waweza kupofusha. Mtoto akipatwa, mwosheni jicho papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa nzima, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile.