Ubao Wenye Mvi Haujafa

Maneno ya komite ya ufundi mbele ya mkutano mkuu wa memba, kabla ya kura juu ya boti ya chama



Mlitupa kazi moja: twende mwaloni, tuipime boti yetu, halafu turudi kuwaambia kama ni ya kutengenezwa ama ya kuuzwa. Mnajua maneno yaliyozunguka. Wengine wanasema imezeeka, tuiuze kwa bei ya kuni na tuombe mpya. Wengine wanasema tuipake rangi ya bluu inayong'aa kabla wageni hawajafika. Sisi tumekuja na jibu la tatu. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, halafu mpige kura.

Kwanza tukumbuke boti hii inafanya nini. Ndiyo inayoleta mihogo na mawese ya wamama wajane kutoka Ubwari mpaka soko la Baraka. Ndiyo inayovusha wagonjwa usiku. Tukiiuza leo, hata kama mpya itakuja, katikati hapo kuna miezi mingi. Miezi hiyo nani atabeba mgonjwa? Kwa hiyo hatuzungumzi habari ya uzuri wa chombo. Tunazungumza habari ya watu.

Sasa, tulikuta nini?

Boti yetu ina miti ya aina mbili. Tumbo lake ni mninga. Sakafu, viti na ukingo wa juu ni msaji, ule ambao wauza mbao wanauita tiki. Msaji si mti wa kwetu. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Siku hizi unapandwa Tanzania, katika mashamba kama Longuza kule Tanga na Mtibwa kule Morogoro, na mbao zetu zilivuka ziwa kutoka upande huo. Watu wa vyombo wanaupenda kwa sababu una mafuta yake mwenyewe ndani, wadudu hawaupendi, na hautanuki sana ukilowa wala haujikunji sana ukikauka.

Msaji mpya una rangi ya asali. Wetu leo una rangi ya jivu. Hiyo rangi ndiyo imetisha watu. Lakini jua ndilo linalofanya hivyo. Mwanga wa jua unavunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti pamoja, mvua inakuja kuiosha, zinabaki nyuzi nyeupe za juu, vumbi linaingia, mwishowe unaona kijivu. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kufunika mwalo, boti ilivutwa juu nchi kavu, ikakaa juani muda mrefu. Ndipo mvi zilipoongezeka.

Tulichukua kipande cha kioo tukakwangua mahali padogo kwenye kiti, si zaidi ya unene wa ukucha. Chini yake tukakuta asali ile ile. Wazee waliokuwa pale waliona kwa macho yao. Mzee mwenye mvi hatumwiti maiti, na ubao wenye mvi vilevile haujafa.

Ugonjwa wa kweli uko mahali pengine, na hauonekani ukisimama ufukoni kupiga picha. Tulizunguka boti nzima na kisu na mpini wa nyundo. Ukichoma ubao mzima kwa ncha ya kisu, unakataa, na ukiinua unatoa kijiti kirefu chenye nyuzi. Ubao uliooza unapokea kisu kama mkate, na kipande kinakatika kifupi, hakina nyuzi. Ukigonga, mzima unalia, uliooza unanyamaza.

Sakafu ya msaji ililia karibu yote. Palipokuwa na shida ni sehemu tatu. Ya kwanza ni mbavu mbili za mninga nyuma, chini ya moteri, mahali maji ya mvua yanapolala. Ya pili ni vichwa vya mbao pale zinapokutana mbele, maana mti unakunywa maji kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Ya tatu ni kuzunguka misumari ya chuma iliyokula kutu. Ile alama nyeusi mnayoiona kando ya kila msumari ni chuma na mti vinavyogombana ndani ya unyevu. Msumari unaisha, tundu linapanuka, maji yanapata mlango.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalichukua kinyume. Watu wanaogopa maji ya ziwa, kumbe maji ya mvua ndiyo yanayoozesha zaidi. Kuvu ya kuozesha inahitaji unyevu na hewa pamoja. Ubao unaokaa chini ya maji siku zote hauna hewa ya kutosha, kwa hiyo unachelewa kuoza. Ubao unaolowa leo, unakaa na unyevu kesho, bila upepo, huo ndio chakula cha kuvu. Wenzetu wa bahari wana chumvi inayowasaidia kidogo, na wanaosha sakafu kwa maji ya bahari. Sisi Tanganyika yetu ni maji matamu, hayana chumvi ya kutusaidia. Dawa yetu ni mbili tu: maji yatoke, upepo uingie.

Sasa tuseme juu ya rangi ya bluu. Tunawaelewa wanaoitaka, maana mgeni anaangalia kwa macho. Lakini sakafu ya msaji iliachwa bila rangi kwa sababu. Msaji mtupu, hata ukilowa, unashika mguu. Rangi inayong'aa ikilowa inateleza. Fikirini mama ana mtoto mgongoni na beseni kichwani, boti inayumba, anakanyaga bluu yenye maji. Tena msaji, kwa sababu ya mafuta yake, haushiki rangi vizuri. Baada ya misimu michache rangi inapasuka, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Hapo tutakuwa tumefunika kidonda bila kukiosha. Rangi iende kwenye tumbo la mninga, upande wa nje, baada ya kutengenezwa. Sakafu tuiache na mvi zake.

Kazi yenyewe tunaipendekeza hivi, na tunataka kila kijana aijue.

Kuosha. Asubuhi, jua halijawaka, mwaga maji, tia sabuni kidogo ya kawaida, sugua kwa brosi laini. Usisugue kwa kufuata mistari ya mti, sugua kwa kuikata. Msaji una mstari mgumu na mstari laini. Ukifuata mistari, brosi inachimba ule laini, unabaki na mifereji inayoshika maji. Brosi ya waya hapana. Javeli hapana, inakula nyuzi. Suuza vizuri, kisha acha ikauke kivulini siku mbili tatu.

Msasa. Ni kwa mahali penye mifereji tu, namba 80 kwanza, halafu 120. Kuna kijana alisema tukwangue sakafu yote kila mwaka ili irudi rangi ya asali. Tupige hesabu pamoja. Ubao una sentimita 2. Ukiondoa milimita 1 kila mwaka, baada ya miaka 10 umebaki na nusu ya ubao. Hakuna mtu atakayekurudishia ile nusu. Mvi hazitutozi franga hata moja, asali ya kila mwaka itatulipisha sakafu nzima.

Mafuta. Sakafuni tusitie. Kwenye viti na ukingo tunaweza kutia mafuta ya kitani, kidogo kidogo, mara mbili ama tatu, na kila mara kufuta yanayobaki juu baada ya dakika chache. Mawese yasitumike hapo. Tunajua mawese ni mali yetu na yako karibu, lakini hayakauki. Yanabaki yananata, yanakamata vumbi, na kuvu nyeusi inaota juu yake. Oili chafu ya moteri vilevile hapana. Inachafua nguo za watu na samaki, inaingia ziwani tunakochota maji, na ubao uliokunywa oili hautashika rangi wala gundi tena.

Na hapa tafadhali msikie vizuri. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kisikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Kitandazwe nje kikauke, ama kitiwe ndani ya ndoo ya maji. Stoo yetu ina majahazi ya boti na bidoni za mafuta ya moteri, tusiichome kwa kitambaa.

Mbavu na misumari. Mbavu mbili zilizooza zikatwe mpaka kwenye mti mzima na zitiwe mpya. Misumari ya kutu itolewe, itiwe ile iliyopakwa zinki, hata kama bei yake ni kubwa kidogo. Nafasi kati ya mbao za tumbo zisafishwe na zipigwe kalafati upya kwa pamba. Mkiona boti inavuja siku za kwanza ikirudi majini, msikimbie kusema fundi ni mwizi. Mbao zilizokauka zimejivuta. Zikinywa maji zitavimba na kufunga. Tuipe siku chache, watu wawili wakae nayo na ndoo.

Kazi hii ifanyike mwezi wa saba na wa nane, kiangazi. Mvua hakuna, mti unakauka vizuri, na upepo wa kusini wakati huo unapunguza safari vyovyote vile. Wafanyabiashara watanung'unika, lakini hasara itakuwa ndogo kuliko kusimama katikati ya msimu.

Wengine watauliza: je, matengenezo kweli yanaweza kuokoa chombo? Hapa ziwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Wengi mnaijua meli Liemba. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini yake grisi nyingi. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Na meli hiyo hiyo, mwaka 1997, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikirudisha nyumbani zaidi ya wakimbizi 75,000. Chombo kilichobeba ndugu zetu kilikuwa kimelala chini ya maji. Mtu fulani, ambaye hakujua kama atakiona tena, alikipaka grisi kwanza. Sisi boti yetu iko hapa mbele ya macho, hatuna sababu ya kuifanyia kidogo kuliko hapo.

Kwa wafadhili tuna neno la heshima. Tunajua kitu kipya ni rahisi kukiandika katika ripoti. Picha ya boti mpya na kibao chake ni nzuri. Picha ya kijana anayebadilisha msumari haina uzuri mwingi. Lakini tunaomba, kama mnataka kutusaidia mwaka huu, msitupe boti ya pili. Tusaidieni kununua pamba, misumari ya zinki, mbao za mbavu, msasa, turubai la kivuli, na chakula cha vijana siku za kazi. Hesabu yote iko kwa mweka kese, imeandikwa kitu kwa kitu, na kila memba ana haki ya kuisoma. Wengi wa vijana hao walijifunza useremala kambini, wana mikono, wanakosa kazi tu.

Kwa hiyo tunaleta mambo manne kwenye kura.

Moja, boti isiuzwe.

Mbili, sakafu isipakwe rangi. Wageni wakiuliza, tutawakwangulia mahali padogo waone.

Tatu, kutoka katika mapato ya kila safari itolewe sehemu ya matengenezo, iwekwe kando katika daftari lake, na isiguswe kwa mazishi wala kwa mapokezi. Mazishi yana kese yake.

Nne, wachaguliwe watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, wenye kazi hii tu: baada ya kila mvua kutoa maji ndani ya boti, kufungua vibao vya sakafu upepo uingie, na kufunika kwa turubai jua likiwaka. Kitu cha wote kikikosa mwenye kukiangalia, kinaoza mbele ya wote. Majina yao yaandikwe ukutani pa ofisi ili mama yeyote anayekuta maji chini ya kiti ajue wa kumuuliza.

Mbavu mbili, misumari, pamba. Huo ndio ugonjwa wote tuliouona. Kabla ya kura, boti iko mwaloni na kisu kiko mezani kwa Papa Prezida. Mwenye shaka akichukue, aende akachome mwenyewe, halafu arudi apige kura.