Jina la Inzi wa Kinamasi

Mwaka 1953 Clifford Berg, mtafiti wa Marekani, alitangaza kuwa mabuu wa inzi wa kinamasi, familia ya Sciomyzidae, huua na kula konokono. Kwetu sisi tunaopambana na kichocho, kinachoenezwa na konokono wa maji baridi, hilo ni tumaini kubwa.

Ila ni inzi yupi? Familia hii ina spishi zaidi ya 500. Katika jenasi ya Sepedon wengi wana umbo lilelile jembamba, rangi ileile ya kahawia, vipapasio vilevile virefu. Mtaalamu hukata ncha ya tumbo la dume, akailainisha kwa dawa, kisha akachunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Mkunjo mdogo tu ndio unaoamua. Jike mara nyingi hukosa jina la uhakika.

Naona kazi hii inapewa uzito mdogo mno. Wapo inzi wanaowinda konokono majini, wapo wa nchi kavu, wapo hata wanaokula mayai tu. Ukimfuga asiyefaa ukamwachia ziwani, konokono wa kichocho wataendelea kuzaana. Vyuo vyetu viajiri wataalamu wa uainishaji kwanza, ndipo tuzungumzie kuachia inzi.