Watoto Wetu Wasioona na Masomo Yao
(Hotuba ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya watoto wetu wasioona na wale wenye macho hafifu. Najua wengi mmekuja kusikia habari ya mishahara. Itafuata. Lakini mshahara wenyewe tunautafuta kwa ajili ya hao watoto.

Kwanza tutofautishe. Yuko mtoto asiyeona kabisa, na yuko aonaye kidogo. Huyu wa pili ndiye hupotea upesi, kwa maana hana fimbo wala hashikwi mkono, basi akikodoa macho huitwa mvivu. Mtoto wa mwenzetu mmoja wa gengi alikaa hivyo miaka mitatu, kiti cha nyuma, akinakili kwa jirani yake. Mwisho baba aliitwa akaambiwa ampeleke shule ya vipofu. Hakuna aliyeuliza kama mtoto amepimwa. Sisi wa reli, mtu hakabidhiwi gari moshi kabla ya kupimwa macho. Je, mtoto ahukumiwe bila kupimwa?

Alipofikishwa katika kituo cha kupima watoto, ilionekana kwamba anaweza kusoma herufi kubwa. Alihitaji kiti cha mbele, mgongo kwa dirisha ili mwanga usimpige usoni, kioo cha kukuza maandishi, na mwalimu asomaye kwa sauti kila aandikacho ubaoni. Hilo la mwisho halina gharama hata ya senti moja! Watoto wenye ualbino nao wengi huona kidogo, na jua huwaumiza macho. Kumvua mtoto kama huyo kofia eti si sare ya shule ni ukatili tu.

Vituo hivyo vya Serikali vilianzishwa mwaka 1984. Mzazi asikae akingoja barua ya mwalimu mkuu. Na aende mwenyewe.

Sasa asiyeona kabisa. Huyu husoma kwa vidole, kwa maandishi ya breli. Aliyeyatunga ni Mfaransa Louis Braille, kipofu tangu utotoni, akayachapisha mwaka 1829. Kila herufi hutokana na nundu sita zinavyopangwa. Mtoto huandika kwa kibao na msumari mfupi, akitoboa karatasi nene kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Jaribuni ninyi kuandika jina lenu kinyumenyume, mtaona kama mtoto huyo ni mjinga. Iko na mashine ya Perkins, yenye kitufe kimoja kwa kila nundu, uzito wake karibu kilo 5. Nayo ni ghali, tena kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa breli huwa vitabu kadhaa vinene. Ndiyo sababu mtoto akiwekwa darasani bila vifaa hivi amewekwa kama mzigo uliosahauliwa katika behewa.

Shule zao zipo. Ile ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Iko nyingine Likoni, na nyingine Kibos karibu na Kisumu, ambayo wenzetu wa njia ya zamani wanaijua stesheni yake. Zimefanya kazi kubwa. Lakini si kila mtoto atalala bwenini mbali na mamaye. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenziwe, na haki ya kutumia breli. Kwa hiyo yuko mwalimu wa kuzunguka, ambaye hutembelea shule za kawaida akifundisha breli na kuwaonyesha walimu wengine njia. Shida yake ni umbali. Mwalimu mmoja, shule nyingi, na nauli hutoka mfukoni mwake mara nyingi kuliko inavyopasa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa shauri kwamba sehemu ya mfuko wa tawi ilipe nauli ya wazazi kwenda kituo cha kupima, na inunue karatasi nene za breli kwa watoto wa wanachama. Naomba lipigiwe kura leo. Katibu ana daftari pale mlangoni. Mwenye mtoto wa namna hii aandikishe jina kabla zamu ya usiku haijaingia.