Kanzu ya Samweli

Jumapili ya Familia Takatifu, Mwaka C
Masomo: 1 Sam 1:20-22, 24-28, Lk 2:41-52



Injili tuliyoisikia leo ina habari ambayo wazazi wengi wangeona haya kuisimulia. Maria na Yosefu walimpoteza mtoto. Walitembea mwendo wa siku nzima kutoka Yerusalemu wakidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa na marafiki. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wametoka kusali, na safari hiyo waliifanya kila mwaka. Walidhani tu. Walipomtafuta hawakumwona, na ikawachukua siku tatu kumpata.

Neno hilo, kudhani, limenikumbusha akina mama wanaofanya kazi. Wapo wanaotoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi samaki mnadani. Wapo wauguzi, walimu, makarani, wakulima ambao mvua haiwangojei, na mama lishe ambao moto wao huwashwa kabla jua halijachomoza. Siku nzima wanadhani mtoto yumo msafarani: yuko shuleni, yuko kwa bibi, yuko na msichana wa kazi. Mara nyingi yumo kweli. Hata hivyo, mtoto aweza kuwa salama, ameshiba, amevaa vizuri, na bado mama yake asijue ni siku ngapi zimepita tangu alipomtazama usoni kwa utulivu.

Sisemi kwamba mama aache kazi. Sisi mapadre tumewahi kuhubiri juu ya jambo hili kana kwamba unga huingia chunguni wenyewe. Mwanamke anayesifiwa katika kitabu cha Mithali, mlango wa 31, hununua shamba, hupanda mizabibu, huuza nguo alizotengeneza, na taa yake haizimiki usiku. Maandiko hayamkemei.

Zamani kidogo mama mmoja, muuguzi, alinijia parokiani akilia. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika wodi ya watoto, akamkuta mwanawe wa mwaka mmoja na nusu ana homa. Akanyosha mikono ampokee. Mtoto akageuza uso, akajificha shingoni mwa yaya. "Padre," akaniambia, "usiku kucha nimewabembeleza watoto wa wenzangu, na wangu hanitaki. Niache kazi?" Mumewe hakuwa na ajira wakati ule. Nikamjibu kwamba mtoto atazoea tu. Lilikuwa jibu la mtu asiyewahi kulea, na nalijutia hata leo. Akanishukuru kwa adabu, akaenda zake.

Aliyemsaidia ni katekista wetu, mama mtu mzima mwenye wajukuu. Alimwuliza, "Mwanangu, nani humwogesha?" Akajibu kwamba ni yaya. "Basi, chagua kazi moja ya mtoto iwe yako, asiifanye mwingine." Muuguzi akachagua hiyo hiyo ya kumwogesha. Akiwa na zamu ya usiku alimwogesha kabla ya kutoka. Akiwa na zamu ya mchana alimwogesha aliporudi, hata kama macho yalikuwa yanafumba kwa uchovu. Haikuwa dawa ya siku moja. Mtoto alilia majuma kadhaa. Baadaye mama yule aliniambia kwamba katika beseni lile ndipo alipogundua kovu dogo nyuma ya goti la mwanawe, asijue lilitoka wapi, na kwamba katika beseni hilo hilo mtoto alijifunza kutaja goti, kiwiko na kisigino.

Jambo kama hilo lilimpata hata mama wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Zélie Martin alikuwa mfanyabiashara wa lesi katika mji wa Alençon, Ufaransa. Wanawake aliowaajiri walishona majumbani mwao, naye akaviunganisha vipande hivyo kwa sindano yake mwenyewe. Alizaa watoto tisa, akazika wanne. Teresia alipozaliwa, Januari 1873, afya yake ilikuwa mashakani na mama hakuweza kumnyonyesha. Ikabidi apelekwe kijijini kwa mlezi, akakaa huko takriban mwaka mzima. Siku moja mlezi alimleta mjini, akamwacha kwa mama yake ili yeye akauze siagi sokoni. Mtoto alilia hata wakashindwa naye. Ikawabidi wampeleke sokoni. Alipomwona mlezi wake, akanyamaza na kucheka. Mama huyo aliyekataliwa na mwanawe mchanga, Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 18 Oktoba 2015, pamoja na mumewe, Louis. Na huyo Louis tusimpite. Mwaka 1870 aliuza duka lake la saa ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Akina baba mnaonisikiliza, mwasemaje? Hekaluni, Maria hakumwambia Yesu kwamba yeye peke yake alikuwa akimtafuta. Alimtaja na baba.

Turudi kwa Hana wa somo la kwanza. Mtoto alipozaliwa, Elkana alipanda kwenda Shilo kutoa dhabihu ya mwaka. Hana alibaki nyumbani mpaka atakapomwachisha ziwa, na mumewe alikubali. Sheria ya nchi yetu imelitambua hitaji hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Tena, akirudi kazini, aruhusiwe muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Ndugu waajiri, saa hizo si zawadi yenu. Nawajua watu wanaopokea Komunyo Jumapili, na Jumatatu humnunia mama anayeomba ruhusa ya kwenda kunyonyesha.

Somo la leo linakoma pale Hana anapomkabidhi mtoto kwa Bwana. Fungueni mlango wa pili, aya ya 19, msome yaliyofuata. Kila mwaka Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo, akampelekea Shilo. Ifikirini kazi hiyo. Mtoto hayupo mbele yake apimwe. Mama yuko Rama, ameshika kitambaa, anajiuliza: mwaka huu amefika wapi? Mabega yamepanuka kiasi gani? Kanzu ya mwaka jana haifai tena. Mtu hawezi kushona nguo ya namna hiyo asipomfikiri mtoto yule mmoja, kwa jina lake, siku nyingi.

Sasa nitataja jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Msichana anayebaki na watoto wako naye ana mama. Mara nyingi ametoka kijijini akiwa bado mdogo. Je, anapewa nafasi ya kwenda Misa? Mshahara wake unamfikia? Anajua kwao wanaendeleaje? Mama anayelia kwa kukosa muda na mwanawe, na huku amemzuia binti wa mwenzake mwaka wa pili bila ruhusa ya kwenda kusalimu kwao, alilie na hilo pia.

Wapo na akina mama walio mbali kuliko Hana. Baadhi yao wanafanya kazi za majumbani huko Oman na nchi nyingine za Ghuba, na watoto wao wamebaki kwa bibi. Katika parokia niliyohudumu palikuwa na bibi mmoja mwenye kamba ya mkonge iliyojaa mafundo. Kila Pasaka alimsimamisha mjukuu wake ukutani, akampima, akafunga fundo jipya, kisha akamsomea binti yake kwa simu idadi ya vidole kutoka fundo la zamani hadi lile jipya. Mwaka mmoja, kwenye Noeli, likaja gauni la buluu, nalo lilikuwa refu kidogo. Bibi akalikunja upindo, akasema mtoto atalifikia.

Tumsifu Yesu Kristo.