Dripu Kabla ya Jeki

Msikilizaji, jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena liliacha njia kwenye makutano ya Londiani, hapa Kericho, likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walifariki. Usiku ule, mvua ikinyesha, waokoaji walihangaika kuwatafuta waliobanwa chini ya vyuma. Leo nataka tuwazungumzie hao waliobanwa, kwa sababu wanaweza kufa baada ya kuokolewa.

Mguu ukikandamizwa kwa saa kadhaa, damu haiifikii misuli. Misuli inaharibika, na ndani yake panajaa potasiamu na protini iitwayo mayoglobini. Maadamu chuma kingali juu, sumu hiyo imefungiwa mguuni. Kikiinuliwa, damu inarudi kwa kasi, inauvimbisha mguu na kuisomba ile sumu. Potasiamu inaweza kuusimamisha moyo hapo hapo. Mayoglobini inaziba figo, na mkojo unageuka rangi ya turungi. Mtu aliyekuwa anaongea na kuomba maji anazima mikononi mwa waliomtoa.

Daktari Eric Bywaters aliyaona haya London wakati wa mabomu ya Wajerumani, akayaandika mwaka 1941: watu walifukuliwa kutoka kwenye vifusi wakionekana wazima, kisha figo zao zikagoma. Ni zaidi ya miaka 80 sasa. Hatuna sababu ya kushangazwa nayo barabarani kwetu.

Kinga yenyewe ni maji ya chumvi ya kawaida, dripu, yanayoanza kuingia mgonjwa akiwa bado amebanwa, mradi mkono mmoja unafikika. Kwa mtu mzima ni kama lita moja kwa saa. Isiwe dripu yenye potasiamu, na hilo linahitaji muuguzi anayejua anachokishika.

Sisemi mtu aachwe chini ya lori mkingojea ambulensi. La hasha! Kama mnaweza kumtoa mara moja, mtoeni. Kila dakika ya kubanwa inazidi kuiharibu misuli. Nawazungumzia wale wanaohitaji kreni au mashine ya kukata chuma, ambayo huchukua muda mrefu kufika. Muda huo ndio wa dripu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa afya wa Kericho na Bomet: lori la majani chai likipinduka kwenye kona yenye utelezi, ambulensi itakayotumwa iwe na maji hayo na mtu wa kuyatundika, na hospitali inayompokea mgonjwa iwe tayari kumpima potasiamu na kumsafisha damu figo zikilegea.

Nanyi vijana wa bodaboda, ambao aghalabu ndio mnaotangulia kufika, tazameni saa. Mwandikieni majeruhi kwa kalamu mkononi: amebanwa saa ngapi, ametolewa saa ngapi. Daktari atauliza.